Kufuli la Wimbo wa Shangazi

Kwa miezi kadhaa sauti ya baba yangu iliuza dawa ya panya katika soko la Sofia, hapa Busia. Niligundua siku moja nikipita na mfuko wa nyanya. Kipaza sauti kilichofungwa kwenye mwavuli wa muuzaji kilikuwa kikitangaza panya, mende, kunguni na viroboto, na nyuma ya matangazo hayo, chini kwa chini, tongoli ilikuwa ikilia na mzee akiimba. Tongoli ni kinanda chetu cha nyuzi, na mzee yule alikuwa wangu. Nilisimama katikati ya njia mpaka mwenye bodaboda akanipigia honi.

Wimbo ule nilikuwa nimeurusha mimi mwenyewe kwenye kundi la familia kwenye simu. Watu kumi na wanane tu, damu moja, na nilikuwa nimesema kama kila mtu asemavyo: msipeleke nje. Nani aliupeleka hajulikani mpaka leo, na kila mmoja ameapa kwa marehemu wake.

Nilimuuliza muuzaji aliupata wapi. "Hii tulipewa na jamaa wa memori kadi, mama," akasema. "Iko na nguvu. Watu nasimama." Sikumtukana. Nilirudi nyumbani nikawatukana ndugu zangu kwa simu, mmoja mmoja, kuanzia anayenifuata.

Baba nilipomwambia aliuliza kama dawa yenyewe inaua. Nikasema inaua. Akasema basi sawa. Lakini chakula cha jioni alikigusa tu, na kesho yake alipokuwa akinywa chai akaniuliza ulikuwa wimbo gani. Ulikuwa ule aliomtungia mama yangu alipokuwa akimposa, na mama tulikuwa tumemzika miaka mitano nyuma. Nilimdanganya. Nilitaja wimbo mwingine.

Ndiyo sababu nikaamua kwamba nyimbo zetu zitakaa nyumbani kwangu, na atakayetaka kuzisikia atabisha hodi.

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, upande wa Uganda. Kutwa nzima nipo mbele ya kompyuta, na ofisini najulikana kwa ukali. Mwenzangu akibandika neno lake la siri kwenye kalenda ukutani, nalibandua na kulichana mbele yake. Nina hasira za karibu, nalikubali hilo, ila naamini mtu mwenye kompyuta na asiyejua kuifunga ni sawa na mtu mwenye nyumba isiyo na mlango. Nayasema haya ili mjue kwamba kilichotokea baadaye hakikumtokea mjinga. Kilimtokea anayejua.

Fundi wangu alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye yuko Uarabuni analinda jengo refu na kusoma mambo ya kompyuta katika zamu zake ndefu. Tulifanya kazi Jumapili baada ya ibada, yeye kwenye simu, mimi chini ya meza. Tulitumia kompyuta ya ofisi iliyokwisha kuchoka, yenye kioo kilichopasuka, niliyopewa badala ya kutupwa. Niliiweka juu ya kabati la vyombo ili ipate hewa, nikaiunganisha na betri ya sola kwa sababu umeme wetu una tabia zake. Ikawa ghala la nyimbo. Mtu akiwa Kampala, Nairobi au Uarabuni angefungua simu yake na kusikiliza kutoka kwenye kabati langu, bila wimbo kulala kwenye mashine ya mtu mwingine yeyote.

"Sista, sikia," mdogo wangu angesema, na ungejua kwamba hotuba inakuja. Rauta, kile kisanduku cha intaneti, isifunguliwe mlango kwa dunia nzima. Tulichimba handaki letu, yaani njia ya siri ndani ya mtandao, na simu isiyojulikana na handaki haiwezi hata kuona kwamba kabati lipo. Kila mtu awe na akaunti yake, asiazime ya mwenzake. Wasikilize tu, wasiweze kufuta wala kupakua. Nakala ya kila kitu ikae kwenye diski nyingine, nyumba nyingine, maana nyumba huungua. Na kuna daftari ambalo mashine hujiandikia yenyewe: nani aliingia, lini, akasikiliza nini, akaachia wapi. "Hilo ulisome kila wiki," akasema. "Hilo ndilo askari wako." Nikalisoma kila Jumamosi kama wengine wanavyosoma gazeti.

Kanda za baba zilikuwa kwenye sanduku la bati kule kwetu Paya. Alikuwa karani wa pamba enzi za ushirika, na alikuwa na redio ya kanda ambayo alijirekodi nayo yeye mwenyewe, akikohoa mwanzo wa kila wimbo. Nilikuwa nimezileta Busia pamoja naye, baada ya nyonga yake kuvunjika na sisi kuamua kwamba hawezi tena kukaa peke yake. Kanda nyingine utepe ulikuwa umelegea nikauzungusha kwa kalamu. Moja ilikuwa na nyigu ndani. Nilizicheza zote, nikazirekodi kwenye kompyuta, nikaziandika majina, na kila alasiri baba alikaa barazani na vipokea sauti masikioni akisikiliza alivyokuwa kijana. Hakujisifu. Mara kwa mara alitikisa kichwa na kusema kwa sauti ya mtu aliyeziba masikio, "Hapa nilikimbia. Nilikuwa nakimbilia wapi?"

Hizo zilikuwa alasiri nzuri. Nilikuwa nikitoka kazini nikimkuta, nikivua viatu, nikikaa chini karibu naye bila kusema neno. Nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba nina furaha.

Sasa niwaambie kuhusu shangazi yangu, dada pekee wa baba, mdogo wake kwa miaka michache. Aliolewa Buhehe, kwa Wasamia, karibu tu na hapa. Mume wake ni marehemu wa siku nyingi. Anapalilia mwenyewe mpaka leo, na akipalilia anaimba, na anayoyaimba anayatunga mwenyewe kwa Kidhopadhola, lugha ya kwetu, kwa hiyo majirani zake wa Buhehe wamemsikia miaka yote hiyo bila kuelewa hata robo. Nilikwenda kumtembelea na simu yangu, nikamwambia kuhusu kabati, nikamwomba nirekodi. Alinipa nyimbo saba bila ubishi, tukiwa jikoni tunachambua karanga. Kisha akaendelea kuchambua kwa muda, na akaimba wa nane.

Wimbo wa nane ulikuwa juu ya ng'ombe. Kwetu dada akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huja nyumbani, na kaka yake huwachukua haohao na kwenda kuoa. Ng'ombe wa shangazi walimwoa mama yangu. Hilo sote tulilijua, lilikuwa jambo la kutaniana: shangazi alikuwa akimwita mama "mke wangu" na kumtuma maji. Ambalo hatukulijua ni hili alilolitia kwenye wimbo. Mwaka wa pili wa ndoa yake, mume wake alikuwa akimpiga. Akakimbia. Akafika kwetu Paya kwa miguu, jicho limevimba, na kaka yake akamlaza siku moja, akamrudisha. Kwa sababu mwanamke akirudi kwao, ng'ombe nao hurudi kwa mwenyewe, na ng'ombe walikuwa wameshakwenda kwa wazazi wa mama yangu. Kwenye wimbo anasema: *nilifika nikasema nimechoka, ndugu yangu akaniuliza, ng'ombe tutawatoa wapi; nikatazama mke wake anavyoteka maji, nikajibeba nikarudi.* Sauti yenyewe haina uchungu wa kulia. Inapalilia.

Nilizima simu, nikaangalia karanga zangu.

"Hiyo pia weka," shangazi akasema. "Maneno inaanza kunitoka. Juzi nilisahau pale kwa jicho. Nataka binti yangu aisikie, na mimi nisikie nikisahau. Lakini ndugu yangu asisikie. Mpaka mmoja wetu azikwe."

"Hatasikia, Shangazi."

"Sema vizuri."

"Baba hatasikia. Nakuahidi."

Hicho ndicho kilichokuwa mikononi mwangu. Walikuwa wazee wawili waliobaki wa nyumba ile, waliopigiana simu kila Jumapili kuulizana mvua, na kati yao kulikuwa na jambo ambalo mmoja aliliimba karibu miaka hamsini na mwenzake hakujua kama linaimbwa. Shangazi hakutaka kumwaibisha uzeeni. Alitaka amani yao ibaki kama ilivyo, na aliiweka kwangu.

Nikatengeneza chumba cha pekee ndani ya ghala, chenye kufuli. Anayetaka kuingia anaulizwa neno la siri. Nikampigia shangazi kumuuliza tutumie neno gani, maana yeye na binti yake walipaswa kulikumbuka. Hakufikiri hata kidogo. Alitaja jina la kujisifia la baba yangu.

Lazima nieleze. Katika ukoo wetu mwanamume mzima ana jina analojisifia nalo, refu kidogo, lenye ng'ombe au mvua au mnyama mkali ndani yake. Hujitangaza nalo akiingia matangani, na akikaribishwa kwenye chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kabla hajashika mrija. Lakini wa kwanza mwenye haki ya kulipigia vigelegele hadharani ni dada yake. Shangazi alikuwa amelipigia jina lile vigelegele kwenye harusi ya baba na kwenye mazishi ya wazazi wao, na alipolitaja kwenye simu nilisikia kwamba analitaja kwa raha. Jina lenyewe siliandiki hapa. Limeshaniponza vya kutosha.

"Sista, hapana," mdogo wangu akasema. "Jina la mtu? Jina ambalo Paya nzima inajua? Wewe si ndiye unayechania watu kalenda?"

Alikuwa na haki, na mimi nikamjibu kwa ukali kwa sababu alikuwa na haki. Nikasema neno hilo ni refu, kwamba hakuna mwizi wa mtandaoni anayejua Kidhopadhola, kwamba bila handaki hakuna atakayefika hata kwenye kufuli. Akasema basi walau ukifiche hicho chumba, mtu asikione kwenye orodha. Nikasema nitakificha. Sikukificha. Nilipenda orodha yangu ilivyokaa, nyimbo za baba juu, za shangazi chini, na mwisho kabisa picha ndogo ya kufuli. Nilikuwa nimewazia wezi wa kila namna, wa Uganda, wa Kenya na wa ng'ambo. Baba sikumwazia. Baba alikuwa mtu wa kubonyeza nyimbo zake tu.

Juma moja nikaona amebadilika. Alikaa barazani kama kawaida lakini vipokea sauti vilikuwa mezani. Nikamuuliza kama vimeharibika, akasema hapana. Nikamuuliza kama nyonga inauma, akasema inauma kama siku zote. Nikadhani ni uzee, nikamnunulia samaki.

Jumamosi nikafungua daftari la mashine. Jumanne, saa tisa alasiri, akaunti ya baba ilikuwa imeingia kwenye chumba chenye kufuli na kusikiliza wimbo wa nane. Ilikuwa imeusikiliza tena. Nilihesabu mara tisa kati ya Jumanne na Alhamisi, kila mara tangu mwanzo hadi mwisho.

Wazo la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba mwizi ameiba simu ya baba. Kisha nikaweka kikombe chini, nikatoka barazani.

"Baba, uliingiaje pale kwa Shangazi?"

Hakujifanya hajui. "Niliona kufuli kwa jina la dada yangu," akasema. "Nikabonyeza. Ikaniuliza."

"Ikakuuliza nini?"

"Si iliuliza nani? Nikajitaja. Ikafungua."

Nilikaa chini. Kwetu mwanamume akifika kwenye boma la watu na kukuta mlango umefungwa, hagongi mpaka mikono iume. Husimama uani, hukohoa, hujitaja kwa jina lake la kujisifia, na wenyeji wakilitambua hufungua. Ndivyo baba alivyoishi miaka yote, na kompyuta ilipomfungia mlango wa dada yake, alifanya adabu aliyofundishwa. Alijiandika kama alivyolichonga jina lile kwenye kiti chake cha malwa, na mlango ukafunguka, na hakuona ajabu. Mlango wa dada yake ungefungwa na nini kingine?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasikiliza," akasema, na akageuza uso kuelekea barabarani.

Nilimpigia mdogo wangu. Nikamweleza yote, na kwa heshima yake sitasahau kwamba hakusema *nilikuambia*. Alisema jambo baya zaidi. Alisema, "Sista, futa hizo mistari kwa daftari. Badilisha neno. Mzee hatasema, yeye mwenyewe ana aibu. Shangazi hatajua."

Ilikuwa kweli, na ilinijaribu kwa siku nzima. Nilifua, nikapika, nikawaza jinsi itakavyokuwa rahisi. Kisha nikamkumbuka yule muuzaji chini ya mwavuli wake, ambaye hakumwibia mtu, alipewa tu na jamaa. Nilikuwa nimekasirika miezi mingi kwa sababu kitu chetu kilisikika pasipo mwenyewe kuulizwa, na sasa mwenye kabati lililovuja nilikuwa mimi. Nilijiona mchafu. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikanunua sukari kilo mbili, nikapanda bodaboda kwenda Buhehe.

Shangazi alikuwa akianika mihogo. Alifurahi kuniona, akaniita mama, kama wanavyoniita yeye na baba, kwa sababu nilipewa jina la mama yao. Nilimsimulia nikiwa nimesimama, haraka, kabla hajaniletea kiti.

Aliendelea kutandaza mihogo mpaka nikamaliza. "Nilikwambia mpaka mmoja wetu azikwe," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Nani amezikwa?"

"Hakuna."

Akajipangusa unga mikononi. Sijawahi kuogopa mwanamke mfupi namna ile. "Alisikia mara ngapi?"

"Tisa."

"Kuna pahali aliachia katikati?"

"Hapana. Mashine inaandika. Kila mara mpaka mwisho."

Aliingia ndani akafunga mlango. Nilibaki uani na kuku wake kwa muda ambao siwezi kuukadiria, nikijua kwamba yuko nyuma ya mlango ule amesimama tu, kwa sababu sikusikia kitu kikisogezwa. Alipotoka macho yalikuwa makavu. Akaokota mfuko wa sukari niliokuwa nimeuweka kwenye kizingiti, akanirudishia mkononi.

"Hii rudi nayo," akasema. "Mwambie aje. Mimi siendi kwake. Akikuja, uje na sukari yako, nitaipokea."

Shangazi yangu hajawahi kukataa zawadi ya mtu. Nililia njia nzima, na mwenye bodaboda akadhani nimefiwa, akanipunguzia mwendo.

Baba nilimfikishia ujumbe kama ulivyo. Akasema amesikia. Siku tatu zikapita. Siku ya nne, nikimwekea uji, akasema, "Wimbo una makosa."

Hapo nililipuka. Nilimwambia kwamba mwanamke alikimbia na jicho limevimba akarudishwa kama mbuzi aliyekosa mnunuzi, na yeye anakaa hapa kukosoa wimbo. Nilimwambia mengine ambayo binti hamwambii babake. Alingoja nimalize. Ana subira hiyo ya makarani wa zamani, waliozoea kufokewa na wakulima.

"Anasema alilala siku moja," akasema. "Alilala mbili." Kisha akasukuma uji. "Tafuta gari. Bodaboda sitaweza."

Tulikwenda Jumamosi, mimi, baba, fimbo yake na ile sukari. Njia nzima hakusema lolote ila kuuliza shamba hili ni la nani na lile ni la nani, na mimi sikujua hata moja. Nilitamani kumwomba radhi kwa maneno yangu ya juzi, lakini kila nilipofungua mdomo dereva aliongeza sauti ya redio.

Shangazi alikuwa amepika. Alimpokea kaka yake kwa magoti kama inavyopasa, akamwekea kiti chenye mgongo kwa ajili ya nyonga, akapokea sukari bila kunitazama. Tulikaa sebuleni. Waliulizana mvua. Waliulizana mihogo, afya za wajukuu, bei ya kupukuchua mahindi. Wakiwa wawili huzungumza Kidhopadhola kitupu, nami nawaandikia hapa kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Nilidhani watamaliza siku nzima hivyo, na moyoni nikaanza kuomba wamalize hivyo.

Kisha baba akasema, "Siku zilikuwa mbili."

Shangazi hakuuliza siku gani. "Zilikuwa mbili," akakubali. "Ya pili sikutia."

"Kwa nini?"

"Siku ya pili ulinichinjia kuku. Ulinipa firigisi, mimi mwanamke. Ningetia hiyo, wimbo ingeharibika."

Baba akacheka. Alicheka kidogo tu, puani, na shangazi naye akacheka, na mimi peke yangu sikucheka. Firigisi kwetu ni ya mwanamume, mwenye nyumba. Sikuwahi kumwona baba akimpa mtu.

"Na ile kufuli toa," shangazi akaniambia, mara ya kwanza kunisemesha siku ile. "Tulimfungia huyu, na huyu ameshaingia. Lakini iwe ya watu wetu. Isikie wetu tu."

Nikasema nitaitoa, na kwamba kila mmoja ataingia kwa akaunti yake, na kwamba nitasoma daftari. Nilisikika kama niko ofisini. Hakuna aliyenisikiliza.

Shangazi alikuwa akimtazama kaka yake. "Nikuulize," akasema. "Sitaki unifurahishe. Kama ningerudi tena mara ya pili, ungefanya nini?"

Nilimtazama baba. Nilitaka aseme angempokea. Yule mtu alikuwa na miaka zaidi ya sabini na nyonga ya chuma, ng'ombe wale walikuwa wamekufa zamani pamoja na vitukuu vyao, na uongo ule usingemgharimu chochote. Mimi ningemsemea kama ningeweza.

"Ningekurudisha," akasema. "Ningekurudisha tena. Sikuwa na ng'ombe, na mke wangu alikuwa na mimba ya huyu."

Hakunielekezea kidole, aligeuza kidevu tu. Wote wawili wakanitazama, na shangazi akanitazama kwa muda mrefu zaidi.

"Najua," akasema. "Nilimwona mkeo kisimani, tumbo limeanza kutokeza. Ndiyo sababu sikurudi."

Nilikuwa nimekaa kati yao na simu mkononi, mtu mzima, mama wa watoto watatu. Nilitaka kumwomba shangazi msamaha na sikujua nimwombe wa nini, wa kuvunja ahadi au wa kuzaliwa. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Shangazi akanyoosha mkono, akanifuta shavu kwa kiganja chenye harufu ya moshi, akaniambia niinuke nilete maji ya kunawa, chakula kinapoa.